Viatu vya Kufikia Nyumbani

Jamani, nimerudi. Tangu nifungue meza yangu ya vitenge hapa Murara, mjini Goma, kila mmoja wenu ananijia kwa zamu yake, anashika kitenge ambacho hana nia ya kukinunua, kisha anauliza kwa sauti ya chini: "Masika, ilikuwaje?" Nikianza kueleza, mteja anatokea. Nikimalizana na mteja, sijui tena nilikuwa nimefika wapi. Basi nimeiandika safari yote. Someni mara moja, halafu mniache nifanye biashara.

Mdogo wangu Kakule wengi mlimjua, kwa sababu aliwatengenezea simu. Kwa wasiojua mambo yetu sisi Wanande: mtoto kwetu hupata jina kwa zamu ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ni Paluku, wa nne ni Kakule, na msichana wa kwanza ni Masika, ndiye mimi. Kakule alikuja kukaa kwangu akiwa na miaka kumi na minne. Alipokuwa kijana aliona wenzake wanabeba bunduki mmoja mmoja, huyu upande huu, yule upande ule, akaapa kwamba hatapigana vita vya mtu yeyote. Akaenda nchi moja ya baridi, mashariki ya Ulaya, kufanya kazi kiwandani. Kiwanda kilikuwepo kweli. Baada ya miezi saba akawekewa mbele karatasi za lugha asiyoisoma, akaambiwa ni za kibali cha kukaa, akatia sahihi. Wiki iliyofuata alipewa nguo za jeshi. Alinitumia sauti: "Dada, nimekuwa askari. Mama asijue. Umuambie niko tu kiwandani."

Nikamficha mama. Kisha simu ya Kakule ikanyamaza, na siku moja rafiki yake aliyekaa naye chumba kimoja kule, mwanafunzi aliyetoka Bukavu, akanipigia kuniambia kwamba Kakule amekufa na mwili hautarudi. Alinitumia mfuko mdogo wa Kakule kupitia msafiri mmoja. Ndani mlikuwa na diploma yake ya hapa Goma na viatu vyeusi vya ngozi, namba arobaini na tatu, soli safi kabisa. Rafiki alinieleza kwamba Kakule hakukubali kuvivaa hata siku moja. Wakimtania, alikuwa anawajibu: "Hivi ni vya kufikia nyumbani."

Mama yetu anakaa kilimani, pembeni ya Butembo. Kwetu kifo cha mtoto hakisemwi kwa simu. Kwenye simu husemwa ni mgonjwa. Anayeleta habari huja mwenyewe, na kabla ya kutamka neno lolote huketi chini, sakafuni, mbele ya mwenye mtoto. Kwa hiyo nilimpigia mama nikamwambia Kakule ni mgonjwa na mimi ninakuja. Kazi hiyo ilikuwa yangu, na niliiogopa kuliko safari. Barabara yetu ya moja kwa moja imekatwa na vita. Kutoka Goma kwenda Butembo, ndani ya mkoa mmoja, ilinibidi nizungukie Uganda.

Murara hadi Kiwanja

Tuliondoka asubuhi, na Kibati tu pale gari likasimama. Kamba ilikuwa imefungwa barabarani na hakuna aliyetuambia kwa nini. Tulikaa saa tatu tukila mahindi ya kuchemsha. Karibu yangu alikaa muzee mmoja wa upande wa Bukavu, karani mstaafu mwenye koti lililopigwa pasi vizuri, na alikuwa mtu wa kuuliza maswali. Akaona jinsi ninavyoukumbatia mfuko.

"Mama, mu sac muko nini, unashika hivi kama mutoto?"

"Ni vitu vya mugonjwa, muzee. Mudogo wangu."

"Anaitwa nani?"

"Kakule."

Akatoa rozari yake. Kamba ilipofunguliwa na gari likaondoka, aliendelea kumwombea Kakule apone, fungu baada ya fungu, kwa sauti, na abiria wote wakaitikia. Hata dereva aliitikia. Nami niliitikia, ningefanyaje? Watu kumi na wawili walimwombea afya ndugu yangu aliyekwisha kufa, na sikuwa na moyo wa kuwakatiza. Tulipofika Kiwanja muzee alinishika mkono akaniambia nisiwe na wasiwasi, mgonjwa atapona. Nikamwambia aksanti.

Kiwanja hadi Ishasha

Kiwanja nilikwama siku nzima kwa mvua. Mama mmoja muuza maharage alinikaribisha kwake, akanilisha viazi vitamu na chai isiyo na sukari, akanilalamikia mkwe wake mpaka nikamjua kuliko anavyojijua mwenyewe. Ninamshukuru sana. Siku ile sikutaka kuulizwa kitu.

Kesho yake nilipata pikipiki ya kunifikisha mpakani. Dereva alikuwa kijana mcheshi aitwaye Bahati. Alipokuwa anafunga mfuko nyuma, zipu ikaachia na viatu vikachungulia.

"Ee, mama! Viatu ya namna hii ni ya bwana arusi! Ni arusi ya nani?"

Nilikuwa nimechoka kusema mgonjwa. "Ya mudogo wangu," nikajibu.

Hilo ndilo kosa langu la kwanza. Bahati alitoa kitambaa cheupe mfukoni akakifunga kwenye kioo cha pikipiki kama wanavyofanya kwenye misafara ya harusi, na kuanzia hapo akapiga honi kila tulipopita nyumba tatu. Nilimgonga mgongoni aache, akadhani ninamhimiza. Tulipopita Nyamilima, wanawake waliokuwa wanarudi shambani walitua majembe wakatupigia vigelegele. Mmoja alinirushia maua ya maharage. Nililia njia nzima, na Bahati aliponiona kwenye kioo akapaza sauti: "Lia tu, mama, ni furaha!"

Karibu na Ishasha tulikuta kizuizi kingine. Askari mmoja kijana, amevaa buti za mpira, akauliza mfukoni muna nini. Kabla sijafungua kinywa Bahati akajibu: "Ni viatu ya bwana arusi, chef! Tunachelewa!"

"Leta nione."

Akaketi juu ya jiwe, akavua buti la kulia. Mguu wake haukuwa na soksi, na ngozi ilikuwa imekunjamana kwa maji. Akauingiza katika kiatu cha Kakule.

"Papa, ninakuomba, usikanyage chini," nilimwambia kwa heshima. "Havijakanyaga chini bado."

Hakukanyaga. Aliunyosha mguu hewani, akaugeuza huku na huku akiutazama. "Bwana arusi iko na muguu mukubwa," alisema akicheka. "Anafanyaka kazi gani?"

Sijui kwa nini nilimwambia ukweli yule, ambaye angeweza kunifanya lolote. Nilikuwa sijawahi kuutamka mbele ya mtu. "Ni askari," nilisema.

Bahati aliacha kucheka. Yule kijana akanikazia macho. "Askari ya upande gani?"

"Wa mbali. Ulaya."

"Kule pia kuko vita?"

"Iko."

Akakivua kiatu, akafuta ndani yake kwa mkono wa shati, akakirudisha mfukoni pamoja na mwenzake, vidole vikitazama upande mmoja. "Mama," alisema, "umuambie, akishaoa asirudie kule." Kisha akatufungulia njia. Mambo ya karatasi za mpakani siandiki, mnayajua.

Bwera

Upande wa Uganda barabara ni nzuri na nililala ndani ya gari mpaka Kasese. Hapo nikapata gari jingine la Bwera, mji wa mwisho kabla ya kurudi tena Congo. Watu wa kule ni Wakonzo, na lugha yao ni yetu. Majina pia ni yale yale. Niliingia mkahawa mmoja mdogo, na mwenyewe aliyenipakulia ugali wa muhogo na samaki aliitwa Masika kama mimi. Tulicheka. Tulizungumza Kinande, nami nakiandika hapa kwa Kiswahili.

Nilikuwa nimeanza kula, kaka yetu Paluku aliponipigia kutoka nyumbani. Huyo, Mungu alimpa mabega ya kubeba magunia mawili, na moyo wa kifaranga. Nilikuwa nimemwambia kila kitu na kumwagiza anyamaze tu.

"Dada, usinikasirikie," akaanza.

"Umefanya nini?"

"Mama amenibana. Anauliza kwa nini unapitia Uganda, safari ndefu hivi, kama ni kuleta habari tu. Nimeshindwa. Nikasema umeenda kumpokea uwanja wa ndege. Nikasema unamleta."

Nilisimama. Nilisahau niko wapi. "Nitamletaje Kakule, Paluku? Nitamletaje na Kakule amekufa! Amekufa vitani, hata mwili hakuna!"

Nyuma yangu sahani zikaanguka. Yule mama alikuwa chini, ameshika kichwa, anapiga yowe: "Kakule wangu! Kakule wangu!" Majirani wakajaa mlangoni. Mmoja alikwisha kuanza kuzima moto jikoni na mwingine kutoa viti nje, kama inavyofanywa kwenye msiba. Ilinichukua muda mrefu kuelewa. Alikuwa na mtoto wa nne wa kiume, naye yuko ugenini, analinda majengo katika nchi ya jangwa ambako kuna vita. Aliposikia Mnande mwenye mfuko wa safari akitaja jina lile, akajua mimi ndiye niliyetumwa kwake.

Nilipiga magoti nikamshika mashavu. "Si wako, mama. Ni wangu. Ni mdogo wangu, wa Butembo."

Alinitazama. Kisha uso ukamng'aa. "Si wangu!" alisema, akaruka juu. "Asante Yesu, si wangu!" Akawakumbatia majirani wawili, akageuka, akaniona bado niko chini, akaziba mdomo kwa mkono.

Nilimchukia. Nasema ukweli, nilimchukia kwa furaha ile kama nilivyowachukia wachache duniani. Alinipakulia sahani nyingine, akaketi mbele yangu, akaanza kulia upya, safari hii kwa ajili yangu, na hasira ikaniisha kabla sijamaliza samaki.

"Mama yako anajua?" akauliza.

"Anamsubiri. Amedanganywa kwamba ninakuja naye."

"Basi ukifika usianze na jina," alisema. "Jina ndilo lililoniangusha. Anza na chochote kingine."

Alinifungia ugali katika jani la mgomba, akanisindikiza mpaka karibu na daraja la mpakani.

Kasindi na Beni

Kasindi tuliambiwa hakuna gari litakaloondoka peke yake, kwa sababu ya wauaji wa msituni. Tungoje msafara wenye ulinzi. Tulingoja siku mbili. Nilimpigia Paluku mara tano nikimwamuru aende akamwambie mama kwamba alikosea, kwamba ninakuja peke yangu. Mara ya tano alizima simu.

Siku ya pili mama mwenyewe akapiga.

"Masika, umekula?"

"Nimekula, mama."

"Na yeye?"

Nilitazama mfuko uliokuwa magotini pangu. "Kidogo," nilisema.

"Ni ile magonjwa, inaondoa hamu. Nimechinja ile kuku mweupe. Nimepakaza chokaa mu chumba yake. Masika, umupatie simu. Asiongee, nisikie tu pumzi yake."

"Amelala, mama."

"Basi usimuamushe. Umufunike mabega, huku kwetu kuko baridi."

Pale Kasindi nilikaa na simu sikioni baada ya mama kukata. Ningeweza kumwambia wakati ule. Nilijiuliza kama desturi yetu ya kutosema kwenye simu ni huruma au ni uoga tu kama wa Paluku. Lakini nilimwona yule mama wa Bwera alivyoanguka, na yeye alikuwa na majirani mlangoni. Sikutaka mama yangu aanguke huku ameshika simu, peke yake jikoni, na kuku motoni.

Msafara ulifika Beni salama. Sikumbuki kitu cha njia ile ila vumbi.

Kilimani kwetu

Kutoka Beni nilipanda taksi mpaka Butembo, na mchana uleule ikanipeleka hadi chini ya kilima chetu, mahali barabara inapoishia na njia ya miguu kuanza. Kwa mbali niliona watu wengi wamesimama. Nilimwomba dereva aendeshe polepole. Akaniambia: "Mama, niko polepole tayari."

Wanaume wanne wa ukoo walikuwa wameleta kipoyi, ile machela ya mianzi tunayobebea wagonjwa kwenda hospitali, na juu yake wametandika godoro. Mama alikuwa mbele yao ameshika blanketi kifuani. Gari lilipofika alinipita bila salamu. Alifungua mlango wa nyuma akachungulia. Akazunguka nyuma ya gari, akafungua mlango wa pili, akachungulia tena. Dereva alivua kofia yake akaishika mkononi. Mama akamwambia afungue sanduku la nyuma, naye akalifungua, na ndani mlikuwa na tairi tu.

"Mumemuacha wapi?" mama akaniuliza.

Nilikuwa nimepanga kumpeleka ndani, awe karibu na wifi zake, nianze na chochote kingine. Sasa tulikuwa barabarani mbele ya kijiji kizima. Nikaketi chini, kwenye udongo, mbele yake.

Wazee wote waliniona nimeketi na wote walijua maana yake. Mama pia.

"Simama, Masika," alisema.

Sikusimama.

"Minakuambia simama! Udongo iko baridi. Simama!"

Alinishika kwapa akanivuta kwa nguvu zake zote, na mimi nikajifanya mzito. Alinivuta mara tatu. Halafu akaniachia, akaketi chini pembeni yangu, akalifunua blanketi akatufunika sote wawili. Hapo ndipo nilipomwambia yote: kiwanda, karatasi, nguo za jeshi, mwili usiorudi, na uongo wangu wa miezi. Alisikiliza mpaka mwisho ndipo akalia, na wanawake wote wakalia naye.

Nyumbani palikuwa na sufuria kubwa ya maji ya moto aliyomwandalia Kakule aoge. Mtu alitaka kuyamwaga, mama akakataa. Aliniosha miguu kwa maji yale, kidole kwa kidole, kama nilipokuwa mtoto. Sikustahili.

Siku ya tatu wazee walikata mgomba wa urefu wa Kakule uzikwe badala ya mwili, ili kaburi lisikae tupu. Walimpima Paluku, kwa kuwa walilingana. Paluku alikuwa amejificha nyuma ya banda la mbuzi tangu nifike, na hata mimi nilishindwa kumgombeza. Waliuvika mgomba sanda, katekista akasali, na mzee mmoja akaomba viatu viwekwe ndani pamoja nao.

"Bado," mama alisema. "Masika amesema ni ya kufikia nyumbani. Havijafika. Vimebebwa tu."

Akamwita Paluku, akampa viatu, akamtuma chini barabarani, pale gari liliposimama. Tulingoja. Tulimwona amekaa juu ya jiwe akivifunga kamba, mabega yake yanatikisika, kisha akainuka akaanza kupanda kilima peke yake. Ilikuwa imenyesha. Alipita kisimani, akapita shamba la maharage, akapita mti wa avoka ambako Kakule aliwahi kuanguka akavunja mkono, na kila alipopita watu walimpisha njia.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Hakumtazama Paluku usoni, alitazama viatu tu, hatua kwa hatua, mpaka vikafika kizingitini.

"Ingia, papa," alisema, kama alivyozoea kumwita Kakule. "Umekawia sana."

Paluku akaingia katika kile chumba cha chokaa mpya, akaketi kitandani. Mama alipiga magoti akamvua viatu, kimoja kimoja. Soli zilikuwa zimejaa udongo wa kwetu. Mtu akamletea mama kitambaa cha kuvifutia, akakikataa, akavibeba vile vile mpaka kaburini.